Milima ya Chyulu: Ajabu Zake, na Haki ya Viumbe Wake

Sifa zote njema zamstahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake. Ama baada ya hayo:

Darsa yetu ya leo haihusu udhu wala mirathi, yahusu kutazama. Huenda mtu akauliza, "Kutazama nako kwasomeshwa?" Twamjibu kuwa kwasomeshwa, tena Qurani ndiyo iliyotangulia kukusomesha. Katika Suratul Ghashiya wanaadamu wanaulizwa khabari za ngamia, za mbingu, za milima na za ardhi: je, hawayaangalii maumbile yake? Waarabu walioteremshiwa aya hizo waliulizwa juu ya vitu vilivyokuwa mbele ya macho yao kila siku. Basi sisi tulioko Kiboko, tukisoma aya hizo, mlima wa kwanza wa kuutazama ni Chyulu, nayo tunaiona tutokapo msikitini.

Watu wengi hupita hapa kwa basi au kwa lori, baina ya Nairobi na Mombasa, wakanywa chai na wakenda zao. Kwao Kiboko ni kituo cha njiani. Hawajui kuwa udhu wautiao Mombasa huenda ukawa na maji ya milima hii hii waliyoipa mgongo. Na sisi wakaazi si bora kuliko wao, kwani mwenye kuona jambo kila siku aghlabu ndiye asiyelifikiri.

Mlima usio na mto

Chyulu ni safu ya vilima vya volkeno, yaani vilima vilivyotoka chini ya ardhi kwa moto. Yaenea kiasi cha kilomita 100, na kilele chake chapita mita 2,100 juu ya usawa wa bahari. Juu kuna msitu, na ukungu huushukia, na mvua huunyeshea. Walakini zunguka mlima wote utakavyo, hutaona mto utiririkao juu yake. Mgeni asiyejua atasema kuwa mlima huu ni bakhili, wapokea wala hautoi.

La hasha. Ardhi ya mlima huo ni majivu na mawe yenye matundu, mithili ya sifongo. Maji ya mvua hayapati nafasi ya kukimbia juu; huzama papo hapo, yakashuka chini kwa chini katika giza la majabali, yakichujwa hatua kwa hatua, hata yakafika penye tabaka lisilopitisha maji. Hapo ndipo yanapotafuta njia ya kutoka. Yametoka kwetu Kiboko, yakawa mto ushukao mpaka Athi. Yametoka Makindu. Yametoka Umani karibu na Kibwezi. Na upande wa pili, ndani ya Tsavo Magharibi, yametoka Mzima, chemchemi zitoazo mamilioni ya lita kila siku, ambamo viboko huogelea na samaki huonekana kama walio ndani ya kioo. Katika miaka ya 1950 maji ya Mzima yalitiwa katika bomba la kilomita zipatazo 220, yakapelekwa Mombasa, na mpaka leo ni sehemu ya maji ya mji ule.

Mwenye kuyajua haya akasoma Suratuz Zumar, aya ya 21, itajwapo mvua iteremshwayo kisha ikapitishwa katika ardhi ikawa chemchemi, ataisoma kwa moyo mwengine. Na akifika katika Suratul Baqara, aya ya 74, ambamo nyoyo ngumu zimelinganishwa na mawe, kisha mawe yakapewa ubora kwa kuwa yako yatokayo mito, na yako yapasukayo yakatoa maji, basi na akumbuke majabali meusi ya Chyulu. Jiwe lile kavu, lisilomea hata jani, limewanywesha watu wasiolijua. Ni wangapi katika sisi tulio laini kwa maneno, wala halitoki kwetu tone la kheri?

Moto, na jina la Shetani

Milima ya Chyulu si mizee kama milima mingine. Moto wake wa mwisho ulitoka katika karne ya 19, na hiyo ni juzi katika hesabu ya milima. Karibu na lango la Tsavo Magharibi lipo jabali jeusi lililotandaa kiasi cha kilomita 8, mfano wa uji ulioganda. Watu huliita Shetani, kwani walioona ardhi ikifunguka na kutapika moto walidhani ni Iblisi aliyetoka. Na chini ya milima ziko njia ndefu zilizochimbwa na moto ule: uji wa mawe ulipopita, wa juu ukapoa ukawa dari, na wa ndani ukaendelea kwenda mpaka ukaisha, likabaki pango. Moja katika mapango hayo, lipewalo jina la Leviathan, lina urefu wa zaidi ya kilomita 11.

Hatuwalaumu wazee waliokuwa hawana wa kuwaeleza. Lakini aliyefikiwa na elimu ya tauhidi hana udhuru wa kusema kuwa Shetani ana milki katika ardhi. Shetani hakuumba jiwe wala cheche. Na moto wa ardhi si mgeni katika tarikhi ya Kiislamu. Mwaka 654 wa Hijra, nao ni mwaka 1256, ardhi ilipasuka karibu na Madina, na mto wa moto ukaenda kwa majuma mengi mpaka watu wakakata tamaa. Wanazuoni wa zama zile wameyaandika hayo. Watu wa Madina hawakuliendea tundu la moto na kuku mweusi na uvumba, walikusanyika katika msikiti wa Mtume (s.a.w.), wakatubu, wakaomba. Na moto ule ukasimama kabla ya kuufikia mji.

Basi na huku kwetu, pwani na bara, wale waendao katika mapango na chemchemi kuweka nadhiri, kuchinja na kuomba mizimu, na wajue kuwa wameiacha ajabu yenyewe wakashika kivuli. Ukistaajabia chemchemi, mshukuru Aliyeitoa. Kuiomba chemchemi ni kama mtu aliyeletewa barua na mpenzi wake, akamwacha mpenzi akaipigia magoti bahasha.

Wakaazi wa majabali

Katika Suratul An'am, aya ya 38, tumeambiwa kuwa wanyama watambaao na ndege warukao ni umma mfano wetu. Tuzitazame umma tatu ndogo za nchi hii ya mawe.

Wa kwanza ni pimbi. Ni mnyama mdogo kama sungura, hana mkia, hupenda kuota jua juu ya jabali wakati wa asubuhi. Wengi humdhani kuwa jamaa ya panya. Wajuzi wa viumbe wamechungua meno yake, mifupa yake na damu yake, wakaona kuwa jamaa zake wa karibu ni ndovu na nguva. Ndovu wa porini, nguva wa baharini na pimbi wa mawe ni ukoo mmoja! Mimba yake huchukua miezi saba au zaidi, jambo lisilo la kawaida kwa mnyama wa kimo chake. Nyayo zake ni laini zenye unyevu, zimshikazo juu ya mwamba utelezao. Na wanapokula, mmoja hubaki akilinda. Akiona tai hupiga kelele, na jamaa wote hukimbilia katika nyufa.

Wa pili ni mbuzi mawe, paa mdogo asimamaye juu ya ncha za kwato zake, akaweza kuzikusanya zote nne mahali padogo kama kiganja cha mkono. Nywele zake zina uwazi ndani, ni nyepesi, zamkinga na baridi, na husaidia kumhifadhi agongwapo na mawe. Dume na jike hukaa pamoja aghlabu umri wao wote. Mmoja akiinama kula, mwenziwe huinua kichwa akatazama. Enyi wenye ndoa, hapa pana darsa isiyohitaji sherehe.

Wa tatu ni nyuki, na pamoja naye yule ndege aongozaye watu kwenye asali. Katika Suratun Nahl nyuki ametajwa kuwa amefunuliwa kufanya nyumba zake milimani, na mitini, na katika yale wajengayo watu. Wakamba wa Kitui na Makueni wameijua sehemu hii ya tatu tangu zamani, kwa mizinga yao ya magogo itundikwayo juu ya miti. Ama ndege yule, humjia mtu akilia na kurukaruka kutoka tawi hadi tawi, mpaka amfikishe penye mzinga wa porini. Mtu akatwaa asali, na ndege akapata nta na mabuu. Mwaka 1989 mtaalamu wa Kenya, Hussein Isack, pamoja na mwenziwe Heinz-Ulrich Reyer, walieleza waliyoyapima katika nchi ya Waborana kaskazini ya Kenya: warina-asali wasio na ndege walihitaji kwa wastani kiasi cha saa 9 kuupata mzinga; waliofuata ndege walihitaji kiasi cha saa 3. Wazee walikuwa wakilisema jambo hili zamani, na baadhi ya wasomi wakilifanya ngano. Elimu ya kweli haioni haya kumsadikisha mzee.

Kifaru, na yaliyompata katika nchi yetu

Sasa tumefika kwa mnyama ambaye khabari yake ndiyo iliyotufanya tuiandike darsa hii.

Kifaru mweusi ana mdomo wa juu wenye ncha, ambao kwa huo hukamata tawi kama mtu akamatavyo kwa kidole. Macho yake ni hafifu, bali kusikia kwake na kunusa kwake ni kukali. Jike huchukua mimba kiasi cha miezi 15 akazaa mtoto mmoja tu. Na juu ya mgongo wake hukaa ndege mla kupe, ambaye Waswahili wamemwita askari wa kifaru. Waliotupa jina hili walikuwa na macho. Mwaka 2020 wataalamu waliowachungua vifaru wa Afrika Kusini walieleza kuwa kifaru asiye na ndege huyo alimgundua mtu anayemjia mara 23 tu katika kila 100. Aliye na ndege alimgundua kila mara. Ndege apiga kelele, kifaru ageuka. Jina la Kiswahili lilikuwa limekwisha kuyasema haya kwa maneno mawili.

Nchi hii ya Makueni ilikuwa nchi ya vifaru. Baada ya mashamba mema ya nyanda za juu kutengwa kwa ajili ya Wazungu, Wakamba walisongamana katika sehemu walizoachiwa, mpaka udongo wao ukachoka. Serikali ya kikoloni ikaamua kuufyeka msitu wa Makueni ili watu wahamie, ikamtuma mwindaji wake, J. A. Hunter, kuwaondoa vifaru. Tangu mwezi wa Agosti 1944 mpaka Oktoba 1946, hesabu itajwayo ya waliouawa ni 996. Mwindaji huyo baadaye alijenga nyumba ya wageni papa hapa Kiboko, na katika kitabu chake mwenyewe ameuliza kama ekari chache zilizopatikana zilistahiki mauaji yale, wala hakupata jibu.

Sisi twasema hivi: mkulima mwenye njaa hakuwa na kosa kutaka shamba, wala kifaru hakuwa na kosa kuwa mahali alipozaliwa. Kosa lilikuwa la dhulma iliyotangulia. Na dhulma ina desturi hii: huanza kwa mwenye nguvu, ikamshukia mnyonge, na mnyonge akaisukuma kwa asiyeweza kusema.

Pembe na jambia

Lakini tusisimame hapo tukawanyooshea wengine kidole. Baada ya ukoloni kwisha, khabari ya kifaru ilizidi kuwa mbaya. Mwaka 1970 ilikisiwa kuwa Kenya ina vifaru weusi wapatao 20,000. Mwishoni mwa miaka ya 1980 walibaki kiasi cha 400. Nchi yenyewe ilikuwa imekataza uwindaji tangu 1977, walakini majangili hawakuacha, kwa sababu wanunuzi hawakuacha.

Wanunuzi walikuwa nani? Wengine ni watu wa Mashariki ya mbali, waliosaga pembe wakaifanya dawa. Na wengine, ni wajibu tuseme ijapokuwa yauma, ni ndugu zetu Waislamu. Katika miaka ya 1970, mali ya mafuta ilipomiminika Bara Arabu, wanaume wengi wa Yemen walikwenda kufanya kazi Saudia wakarudi na fedha; na aliyekuwa hawezi kununua jambia la mpini wa pembe ya kifaru sasa akaweza. Mnyama wa miezi 15 tumboni akauawa porini, akaachwa aoze, ili mtu ajifakhirishe kiunoni siku ya harusi.

Na pembe yenyewe ni kitu gani? Haina mfupa ndani. Ni kitu kile kile kifanyacho kucha zetu na nywele zetu. Lau ingekuwa dawa ya homa, mgonjwa angepona kwa kutafuna kucha zake.

Twashukuru kuwa wanazuoni hawakunyamaza. Yemen ya Kaskazini ilikataza kuingizwa pembe mwaka 1982, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 Mufti Mkuu wa Yemen alitoa fatwa kuwa kuwaua vifaru hao ni kinyume cha atakayo Mwenyezi Mungu. Kenya nayo ikaweka walinzi na hifadhi, na mwisho wa mwaka 2021 vifaru weusi walikuwa wamerudi kupita 900. Katika Chyulu, iliyofanywa hifadhi ya taifa mwaka 1983, wamesalia wachache sana, mabaki ya umma iliyojaa nchi hii.

Hukumu ya sharia katika haya

Tumekusanya hapa yale ambayo kila mmoja wetu ayahitaji:

1. Kuwinda mnyama wa halali kwa ajili ya kula, pasi na kuvunja amri ya nchi iwekwayo kwa maslaha ya watu, ni jambo la mubaha. Kuua kwa mchezo si mubaha. Imepokewa katika Sunan ya Nasai kuwa shomoro aliyeuawa bure atamshitaki muuaji wake Siku ya Kiyama. Ikiwa shomoro ana mashitaka, kifaru je?

2. Mtume (s.a.w.) amekataza kumfanya kiumbe chenye roho kuwa shabaha. Na ametukhubiria mwanamke aliyeadhibiwa kwa paka aliyemfungia bila ya chakula, na mtu aliyesamehewa kwa mbwa aliyemnywesha maji. Na Nabii mmoja alilaumiwa na Mola wake kwa kuichoma nyumba nzima ya chungu, ilhali aliyemuuma ni mmoja.

3. Ndovu au nyati akiingia shambani, mwenye shamba ana haki ya kujitetea na kuitetea mali yake. Lakini mafaqihi wa madhehebu yetu ya Shafi wameweka mpango katika kumzuia mshambulizi: kwanza lililo jepesi, kisha lililo zito kidogo, na kuua ni mwisho wa yote. Kelele kabla ya fimbo, na ua kabla ya mshale. Anayetia sumu katika maji ameanza mwisho, tena amewadhuru wasiokosa.

4. Mtume (s.a.w.) ameifanya Madina kuwa haram baina ya majabali yake mawili meusi: miti yake isikatwe, wala wanyama wake wasifukuzwe. Nayo majabali hayo ni ya moto wa ardhi, jinsi moja na ya Chyulu. Hatusemi kuwa Chyulu ni haram kama Madina. Asiseme mtu kuwa tumesema hivyo. Twasema kuwa hifadhi ya miti na wanyama haikuletwa na Wazungu. Imo katika dini yetu tangu karne ya kwanza, na Muislamu aidharauye aidharau sunna.

5. Msitu wa juu ya mlima ndio unaoshika ukungu na kuulinda udongo, ili maji yapate kuzama. Akatae mti kwa makaa huko juu amepunguza maji ya jirani yake huku chini, asiyemjua wala hatamuona. Na kanuni ya sharia ni kuwa hakuna kudhuru wala kudhuriana. Gunia la makaa lina bei sokoni; chemchemi ikikauka hakuna auzaye nyingine.

Ndugu zetu, mwenye kuuza makaa ana watoto, nasi twajua. Hatumwambii afe njaa. Twawaambia wenye uwezo katika sisi: mpeni mzinga wa nyuki, mkopesheni mbegu, mshirikisheni katika biashara, kisha ndipo mumkataze. Kukataza munkari bila ya kusaidia ni nusu ya kazi, na nusu iliyo rahisi.

Maswali ya kudurusu katika halaka

1. Kwa nini Chyulu haina mto, nayo yanywesha Kiboko, Makindu na Mombasa?
2. Watu wa Madina walifanya nini mwaka 654 wa Hijra? Nasi hufanya nini tuonapo jambo tusilolijua?
3. Pimbi ni jamaa ya mnyama gani?
4. Eleza daraja za kumzuia mnyama aharibuye shamba.
5. Mtu amerithi jambia la mpini wa pembe ya kifaru kutoka kwa babu yake, naye ataka kununua jengine kama hilo kwa ajili ya mwanawe. Je, aliyerithi na anunuaye wako sawa? Leteni hoja zenu katika kikao kijacho.

Twamuomba Mwenyezi Mungu atujaalie macho yenye kuona, na nyoyo zilizo laini kuliko mawe, na atuhifadhie maji yetu, na viumbe alivyotukabidhi. Wa billahi taufiq.